Siku Mtani Alipovaa Kilemba cha Meneja

Nakumbuka asubuhi moja pale Gongoni, hapa Tabora, mwanangu, ofisi yetu ilipokuwa kimya kuliko kanisa siku ya Ijumaa Kuu, nami nikadhani mambo yamenyooka. Asubuhi hiyo imenirudia kichwani tangu uliponipigia simu juzi, ukaniambia kwa furaha kabisa kwamba tangu upewe umeneja wa ushirika wenu huko mjini wafanyakazi wametulia. Hakuna kelele, hakuna mzaha, kila mtu anaitika "ndiyo bosi" na kurudisha macho kwenye kompyuta yake. Nikakuambia tutaongea. Sikutaka kukuharibia furaha, na isitoshe nilikuwa na ugali jikoni.

Sasa ugali umeshaiva na kuliwa. Tulia nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa msichana mbichi, nimetoka kusoma uhazili, nimeajiriwa kukaa mlangoni kwa meneja wa chama cha wafugaji nyuki. Chama kilikuwa cha watu wa vijijini, wengi wao wa njia ya kwenda Sikonge, kwenye miombo. Wao walitundika mizinga, wakakaa dagoni, yaani kambini kule porini, msimu ukifika, wakarina. Lori letu lilikwenda kuibeba asali mpaka ghalani Gongoni, tukaichuja, tukaitafutia wanunuzi. Ndiyo ilikuwa kazi yetu yote. Lakini usiidharau, maana kwa asali hiyo watu walisomesha, waliozesha watoto, na walibadilisha nyasi wakaweka mabati.

Meneja wetu alikuwa Mama Kalunde, Mnyamwezi wa hapa hapa, binti wa mrina asali. Alikuwa mwanakwaya wa Moraviani mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Alitembea haraka haraka kama mtu anayewahi treni, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na kichwani hakukosa kilemba cha kitenge kilichofungwa juu kiasi kwamba mlangoni ilimbidi kuinama. Nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Mimi bado naamini kwamba hakuna mtu aliyenifundisha kazi kuliko yeye, na somo lenyewe alinipa siku ambayo mambo yake yalikuwa yameharibika.

Dereva wa lori alikuwa Pazi, Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kwa hiyo Pazi alizaliwa Cheyo, mtaa wa hapa hapa mjini, alisoma Cheyo, na Kinyamwezi alikijua kuliko wewe, lakini alibaki Mzaramo wa kuzimu na mbinguni, kwa sababu Uzaramo ulimpa haki moja kubwa: alikuwa mtani wa mji mzima.

Najua nyinyi vijana mkisikia utani mnafikiria vichekesho vya kwenye simu. Huu ni kitu kingine. Wazee wetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Huko njiani wakakutana na Wazaramo, wakagombana nao, wakauguzana, wakazikana. Waliporudi walirudi na undugu wa ajabu ambao tunao mpaka leo. Mtani anachukua kuku wako mchana kweupe nawe unacheka. Mtani anakusema mbele ya wakwe zako. Msibani, wakati wote mnalia, yeye ndiye anayewachekesha, na pia ndiye anayechimba kaburi. Na neno lake, hata liwe kali vipi, huruhusiwi kulikasirikia.

Basi kila asubuhi Pazi alikuwa akipita mezani kwangu bila kubisha hodi, anausukuma mlango wa Mama Kalunde na kupaza sauti, "Mpagazi wangu! Umeshushaje mzigo kabla sijakuamuru?"

Mama Kalunde alijibu bila kuinua macho, "Pita huko, Mzaramo. Ngoma imeisha ndipo unakumbuka kazi?"

Mambo yalikuwa hayo kila siku. Walitukanana mpaka chai ikapoa, sisi huku nje tunavunjika mbavu. Nilikuwa nadhani ni mchezo tu. Sikuona kwamba katikati ya matusi hayo Pazi alikuwa akipenyeza habari: mzee fulani wa dago fulani amenuna kwa sababu ndoo zake zilichelewa kurudi, karani wa ghalani ana ulimi mchafu kwa akina mama, mlinzi analala. Mama Kalunde alicheka, na kabla ya mchana jambo lilikuwa limeshughulikiwa. Hakuna aliyeonekana amesema, na hakuna aliyeonekana ameshtaki.

Halafu Mama Kalunde akapelekwa semina ya viongozi. Sisemi semina ni mbaya, hata mimi nimehudhuria na posho nimekula. Lakini yeye alirudi na sura mpya. Tulikuwa tunatarajia wanunuzi wakubwa kutoka nje, wa kwanza wa namna hiyo, na huko semina waliambiwa kwamba wageni huipima taasisi kwa heshima anayopewa mkuu wake. Akatukusanya, akasema kwa upole wake kwamba kuanzia siku hiyo ofisini ni kazi tu. Yeye aitwe Meneja, na utani tuuache nje ya lango. Nakuapia, mwanangu, hakuna aliyenung'unika. Tulimpenda, tukaona labda ndivyo maofisi makubwa yanavyokwenda.

Ndiyo ikaja ile asubuhi ya kimya. Pazi alipita, akabisha hodi, akavua kofia.

"Shikamoo, Meneja."

Mama Kalunde akaguna kidogo. Walikuwa rika moja, na Mzaramo kumwamkia mtani wake shikamoo kwa unyenyekevu, kwetu, ni kama kuona mbuzi amekaa kitini. Nusura nicheke. Lakini Mama Kalunde akaitika marahaba, akampa maagizo ya safari, Pazi akatoka. Yeye akanigeukia na kuniambia, "Unaona ofisi ilivyotulia?" Nikamjibu ndiyo, imetulia. Tena nikajisikia mkubwa, mhazili wa ofisi yenye adabu zake.

Maagizo yenyewe yalikuwa haya. Wanunuzi walileta ujumbe kwamba watakuja mapema kuliko tulivyopanga. Mama Kalunde akatuma neno vijijini kwamba watu warine mara moja, lori linakuja. Mwaka mwingine lisingekuwa kosa. Lakini mwaka ule mvua ilichelewa sana kukatika, maua yakachelewa, na nyuki walikuwa bado hawajafunika masega. Asali ambayo nyuki hawajaifunika ina maji, na ukiitia kwenye pipa inaanza kuchachuka. Hilo kila mtoto wa mrina asali analijua, na Mama Kalunde alilijua kuliko sisi sote, maana alilijulia mgongoni kwa mama yake. Ila alikuwa Gongoni, na masega yalikuwa porini. Hakuyaona, na hakuna aliyemwambia.

Kule madagoni watu walinung'unika. Walitazamana wakasema, huyu ni Kalunde wetu, anajua asali, labda wanunuzi wanaitaka hivyo. Wakarina. Pazi alipakia mapipa akisikia manung'uniko yote, ingawa yeye mwenyewe mambo ya nyuki hakuyajua, akiona nyuki watatu tu alikuwa akifunga vioo vya lori. Alibeba maneno yao kama alivyobeba asali yao, akaja nayo mpaka mlangoni.

Niliwasikia kwa masikio yangu.

"Safari ilikuwaje, Pazi?"

"Salama, Meneja."

"Na asali?"

"Ipo, Meneja."

Akasimama pale kidogo, anaizungusha kofia mikononi. Mama Kalunde alikuwa anaandika. Pazi akaaga, akaondoka.

Wanunuzi walipokuja tuliwavisha vitenge, tukawaimbia, Mama Kalunde akawahutubia. Kisha tukawapeleka ghalani. Pipa la kwanza lilipofunguliwa kifuniko kilitoa sauti ya soda. Povu lilikuwa limejaa juu. La pili vivyo hivyo. Sitaki kukuchosha, harufu ilikuwa ya kilabuni. Wale wageni walikuwa waungwana, walitabasamu, wakasema tutawasiliana msimu mwingine, wakapanda gari lao. Mama Kalunde akabaki amesimama katikati ya ghala, amechovya kidole, amekilamba. Nilimhurumia.

Jioni ile baadhi ya wajumbe wa kamati walimjia na ushauri. Andika barua, walisema, waeleze wanachama kwamba warinaji hawakuzingatia ubora. Wengine wakasema waite wazee wachache hapa mjini, wape soda na nauli, uwaeleze kwa utaratibu. Mama Kalunde akawaambia, "Waliokula hasara wako kule. Mimi ndiye nitakayekwenda." Akamwagiza Pazi aandae lori. Gari dogo la ofisi lilikuwepo, lakini alisema ataenda na lori lile lile lililobeba asali.

Nilikwenda naye. Mkutano ulikuwa kwenye banda la kukusanyia asali, watu wamekaa juu ya magogo na ndoo zilizogeuzwa, akina mama upande mmoja na kanga zao. Tuliamkiana vizuri kabisa. Shikamoo zikapokelewa, mwangaluka zikaitikiwa, maji ya kunywa yakaletwa. Mama Kalunde akasimama, akaeleza yote. Alisema asali imechachuka, wanunuzi wameondoka, na amri ya kurina mapema ilitoka kwake. Hakuzunguka. Akamaliza akasema, "Nimekuja mniambie mlilo nalo moyoni."

Kimya.

Akarudia. Mzee Mihayo, mwenyekiti wa wafugaji wa upande ule, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, akasema bila kumtazama, "Hatuna neno, Mama. Yameshatokea. Tunakushukuru kwa kuja."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine wakaanza kukung'uta nguo, wajiandae kuondoka.

Mwanangu, mimi kwa uchanga wangu nilishusha pumzi. Nikajisemea, Mungu mkubwa, wamesamehe. Nikamtazama Mama Kalunde nikidhani nitaona amefurahi, nikaona uso umembadilika kabisa. Alikuwa amejua. Watu wetu wakiwa na hasira nawe na wakakuambia hawana neno, wameshakuacha. Wangekwenda nyumbani kwa heshima zote, na msimu ujao kila mmoja angemuuzia mchuuzi wa kwanza mwenye baiskeli anayepita njiani. Chama kingekufa bila mtu mmoja kupandisha sauti. Kilichokuwa pale mbele yetu kilikuwa maziko, ila marehemu alikuwa bado hajazikwa.

Mama Kalunde akazungusha macho. Pazi alikuwa kule nyuma ameegemea lori, mikono kifuani.

"Mtani!" akaita.

Pazi akatazama pembeni.

"Mzaramo! Nakuita."

"Naam, Meneja," Pazi akajibu kwa adabu kubwa, na safari hii kila mtu alisikia ubaridi uliokuwamo.

"Njoo unisute."

"Ulinikataza."

"Nilikosa. Njoo unisute mbele ya watu hawa, na usinionee huruma."

Pazi akaja polepole, watu wakimpisha. Alipomfikia akamtazama juu mpaka chini. Kisha akanyoosha mkono akakivua kile kilemba kichwani kwa Mama Kalunde, akajivika. Akachukua na miwani, akaitia puani. Nywele za Mama Kalunde zilikuwa zimeanza kuwa na mvi na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua. Nilisikia akina mama wakivuta pumzi.

Pazi akaanza kutembea. Yesu wangu! Ule mwendo wa kuwahi treni! Alikwenda hadi mwisho wa banda, akainama kupita mlango ambao haukuwepo, akarudi, akajikohoza.

"Ndugu wanachama," akasema kwa sauti ya kwaya. "Ofisi yangu imetulia sana. Nimewaagiza nyuki wote waripoti kazini saa mbili kamili asubuhi. Nyuki atakayechelewa kufunika sega atapewa barua ya onyo, nakala kwa malkia wake."

Mtu mmoja akacheka puani, akajizuia.

"Mvua nayo nimeiandikia. Bado haijajibu, lakini nina semina, itajibu tu." Akashusha miwani akamtazama mzee mmoja. "Wewe baba, unasema asali haijaiva? Umepitia kwa mhazili? Umeandika jina kwenye kitabu cha mlangoni?"

Hapo wakapasuka. Akina mama waliegemeana, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye ndoo aliyokalia. Pazi hakusimama. Alimwigiza Mama Kalunde akiwavisha wageni vitenge, akamwigiza akifungua pipa na kurukiwa na povu, akajifuta uso kwa ncha ya kile kilemba, akasema, "Karibuni wageni, hii ni asali ya kisasa, inajifungua yenyewe." Halafu, watu wakiwa bado wanacheka, akamgeukia Mama Kalunde mwenyewe, na sauti ikawa ya Pazi.

"Mpagazi wangu, siku ile nimetoka dagoni nilikuja mpaka mlangoni kwako. Nilitaka kukuuliza, hiki ulichonituma nikabebe ni asali au togwa? Nilikuwa nalo mdomoni. Ningelisema kama mtani, ungecheka, na jioni hiyo hiyo ungekwenda kuyafungua mapipa. Lakini ulinitaka niwe mfanyakazi. Sasa mfanyakazi nani amwambie bosi wake amekosea? Nina watoto. Nikasema salama, Meneja."

Kicheko kikaisha. Mama Kalunde alikuwa amesimama kichwa wazi, mikono imeshuka, na nikaona machozi yanamtembea bila yeye kuyafuta.

Ndipo Mzee Mihayo akasimama, na safari hii alimtazama. Akasema mjukuu wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, sababu ya asali ile. Mama mmoja akasema aliwaambia wenzake porini kwamba masega yako wazi, wakamnyamazisha wakidai ofisi inajua. Mwingine akasema karani wa ghalani ameanza tena kumvunjia heshima na hajui pa kulisemea. Yakamwagika. Yale ya asali na yasiyo ya asali, ya msimu huu na ya miaka. Sauti zikapanda. Mmoja akasema wazi kwamba Kalunde aondoke, wachague mwingine.

Hapo sikuvumilia. Nilisimama na daftari langu kifuani, nikaanza kusema kwamba Meneja amefanya mengi, kwamba wakumbuke mizani mipya, wakumbuke lori lilitoka wapi. Mama Kalunde akanishika mkono, akanikalisha. Alisema taratibu, lakini banda zima lilisikia.

"Mwanangu, kaa. Ukinitetea watanyamaza tena. Waache wamalize."

Nilikaa nimeiva uso. Niliona nimeonewa, mimi niliyemtakia mema. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile nilikuwa hatari kwake kuliko hata yule aliyetaka aondoke. Yule alikuwa bado anaongea naye.

Wakamaliza. Mama Kalunde alijibu alichoulizwa tu. Mzee Mihayo akamuuliza, "Msimu ujao nani ataamua siku ya kurina?" Akajibu, "Nyinyi mlioko dagoni. Mimi nitawaambia wanunuzi wasubiri, na wasiotaka kusubiri waende." Akamuuliza kuhusu karani wa ghalani, naye akasema atamshughulikia kesho. Akamuuliza hii asali iliyoharibika itakuwaje, akasema hajui, akawaomba mawazo. Mama mmoja akanong'ona kwamba wapika wanzuki, ile pombe ya asali, wa Tabora mjini wangeifurahia sana asali iliyokwisha kuanza kazi yenyewe. Wamoraviani wote wakamtazama Mzee Mihayo. Mzee akakuna kidevu, akasema, "Mimi sinywi. Lakini sijasikia kwamba jirani zangu wameacha." Basi likapita, na kwa njia hiyo hasara ikapungua makali.

Ikabaki kuondoka. Mama Kalunde akamnyooshea Pazi mkono, "Haya mtani, nipe kilemba changu tuondoke."

Pazi akakishika kwa mikono miwili kichwani. "Weee! Bure?"

Ndiyo desturi. Mtani akikuvua kitu huwezi kumnyang'anya, unakikomboa, na ukombozi ni kuku. Mama Kalunde akasema atampa jogoo wakifika mjini. Pazi akakataa, anataka sasa hivi, hapo hapo, la sivyo yeye ndiye Meneja tangu leo na keshokutwa anakwenda semina. Watu wakaanza kucheka upya, na Mama Kalunde akaanza kuhangaika kweli, maana angetoa wapi jogoo ugenini, kichwa wazi, mbele ya watu waliotoka kumsema sasa hivi?

Mke wa Mzee Mihayo alikuwa hajatamka neno mkutano mzima. Bibi mdogo, mkavu, ambaye mjukuu wake ndiye aliyerudishwa kutoka shule. Aliinuka, akatoka bandani, tukasikia kuku wanapiga kelele nyuma ya nyumba. Akarudi na jogoo mwekundu amemshika mabawa. Akapita mbele ya mumewe, akapita mbele ya yule aliyesema Kalunde aondoke, akamkabidhi Pazi.

"Chukua, Mzaramo mlafi," akasema. "Huyu mama ni wetu. Turudishie."

Akakichukua kile kilemba kichwani kwa Pazi, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akamfunga Mama Kalunde. Alimfunga vibaya, kimeinama upande mmoja. Mama Kalunde alirudi nacho hivyo hivyo mpaka Tabora, hakukigusa. Na mimi nilikaa katikati yao ndani ya lori, jogoo ananidonoa miguu, Pazi akiendesha huku akimwita mpagazi njia nzima, naye akimjibu. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata kazi.

Chama hakikufa. Kipo mpaka leo, wewe mwenyewe umekula asali yake utotoni.

Sasa sikia ninachotaka kukuambia. Sikuambii ukaruhusu kila mtu akutukane. Mtani ni mtani, na mfanyakazi mvivu anayejificha kwenye mzaha mrudishe kazini. Lakini huyo kijana wa stoo uliyeniambia umemnyamazisha kwa sababu alikuwa akikuiga mbele ya wenzake, kamtafute. Muulize anakuiga vipi. Utacheka, na katikati ya kicheko utasikia kitu ambacho hakipo kwenye taarifa yoyote uliyoletewa mezani.

Ofisi ikitulia kupita kiasi, ogopa, mwanangu. Watu wakikuambia hawana neno, usishukuru haraka. Kaa hapo hapo, tafuta aliye na ruhusa ya kulisema, na kama hayupo, mpe mtu ruhusa hiyo wewe mwenyewe, hadharani, wengine waone. Ukikosea, wafuate walioumia huko waliko, sema ni wewe, kisha usijibu mpaka wamalize. Na usipende sana wanaokutetea. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Cheo utapewa na bodi, na bodi inaweza kukuvua. Siku itakayokuvua, au siku utakayojivua mwenyewe ili watu wakuone kichwa wazi, ndiyo siku utakayojua kama watu unaowaongoza wanakuhesabu wa kwao. Hilo huwezi kuliagiza kwa barua. Linaletwa na bibi mkavu ambaye una deni naye, kwa hiari yake, anapokuwa hana sababu ya kukupa kitu.

Nakuombea basi. Mungu wa wazee wako waliokwenda pwani kwa miguu na kurudi akupe mgongo wa kubeba lawama na masikio ya kusikia. Akupe kicheko kabla ya hasira. Akuzungushie watu wasiokuogopa, na siku ukianguka, wapatikane wa kukuinua ambao hukuwalipa. Nenda na amani, mwanangu, na ukawe wa kwao.